Meli iko nangani, dola haijapatikana

Swali: Shikamoo mzee. Mimi nanunua viazi mviringo kwa wakulima wa Njombe na kuvipeleka Dar es Salaam kwa lori la kukodi. Kila vita vinapozuka huko Uarabuni mwenye lori ananipandishia bei, hata kabla sheli hazijapandisha. Nataka kuelewa: nchi kuagiza mafuta yake yote kutoka nje ina hatari gani hasa, ukiacha bei? Gesi si tunayo, na bomba la mafuta la Uganda si linakuja Tanga? Na la mwisho: mume wangu anataka tununue mapipa mawili ya dizeli tuyaweke stoo kwa ajili ya pampu ya kumwagilia. Hiyo ni akili au ni woga?

Jibu: Marahaba mwanangu. Habari ya mapipa nitaifikia mwishoni, usiyanunue kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na mwenye lori wako, maana hapo pana pesa yako ya leo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hiyo imebeba gharama za shehena zilizonunuliwa wiki nyingi nyuma. Meli ilipakia, ikasafiri, ikasubiri zamu yake, ikashusha, mafuta yakakaa kwenye matenki, ndipo lori la tenki likapanda mlima Kitonga kuwaletea. Kwa hiyo vita vikizuka Jumamosi, dizeli anayojaza Jumatatu ilishanunuliwa kwa bei ya zamani. Anapopandisha siku ileile anajikinga yeye kwa mfuko wako. Mwambie msubiri Jumatano hiyo ya tangazo. Ila ujue na upande wa pili: bei ya pipa la mafuta ghafi ikishuka huko duniani, nafuu nayo itachelewa kukufikia kwa muda uleule, na hapo utaona jinsi alivyo hodari wa kukueleza habari hii yote ya shehena za zamani.

Umesema niache bei. Sitaiacha kabisa, lakini ni kweli kwamba bei ndiyo hatari inayoonekana zaidi na si ndiyo kubwa zaidi. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, petroli ya Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita mwezi Agosti, na hiyo ni baada ya serikali kuanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Tuliumia. Lakini magari yalitembea. Bei kali inauma kila mtu kidogo kidogo, watu wanapunguza safari, biashara nyingine zinafungwa, ila ukiwa na hela unapata lita. Ninachokiogopa mimi ni siku ambayo hela unayo mkononi na lita haipo.

Nikupe kisa. Miaka ya nyuma nilifanya kazi ya kusimamia shehena katika kampuni moja ya mafuta pale Kurasini, Dar es Salaam. Siku moja meli yetu ilikuwa imetia nanga nje, imejaa dizeli, inaonekana kwa macho ukisimama Kigamboni. Matenki yetu yamebaki na mafuta ya siku chache. Bahari shwari, gati liko wazi, mabaharia wanavua samaki kwa kuchoka. Na hatukuweza kushusha hata lita moja, kwa sababu benki ilikuwa haijapata dola za kukamilisha malipo na muuzaji hakutaka kuachia mzigo wake kwa ahadi. Kila siku meli inayosimama inadai fidia, ndiyo demareji, na demareji hiyo mwisho wake huingia katika bei ya lita. Shilingi tulikuwa nazo, nyingi tu. Hazikuwa na kazi. Tangu siku ile mtu akiniuliza kama mafuta yataisha, namuuliza kwanza kama dola zipo.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Nchi isiyo na mafuta hainunui mafuta kwa fedha yake. Inauza korosho, dhahabu, kahawa, inapokea watalii wa Serengeti na Zanzibar, inapata dola, kisha inazipeleka dola hizo kununua petroli na dizeli. Katika bidhaa tunazoagiza, mafuta ni miongoni mwa zinazokula dola nyingi kuliko zote. Sasa fikiria pipa linapanda bei: tunahitaji dola zaidi kwa lita zilezile. Dola zinagombaniwa, shilingi inashuka. Shilingi ikishuka, hata pipa likitulia, lita inapanda. Tufanye hesabu ya mfano. Lita inayonunuliwa kwa senti 70 za dola inatugharimu shilingi 1,610 dola ikiwa 2,300. Dola ikifika 2,700 lita hiyohiyo ni shilingi 1,890. Shilingi 280 zimeongezeka na huko Uarabuni hakuna aliyepandisha chochote. Na sikuzichagua namba hizo za dola hivi hivi. Ndiko shilingi yetu ilikotoka na kufika kati ya 2022 na 2024.

Mwaka 2023 tuliionja. Dola ziliadimika kwenye mabenki, waagizaji wakahangaika, na katikati ya mwaka baadhi ya mikoa ikaona foleni na vibao vya "hakuna mafuta". Wengine walificha wakisubiri bei mpya, na EWURA ikafungia baadhi ya vituo kwa kosa hilo. Kuficha kulikuwa kosa, sibishi. Lakini mtu haoni faida ya kuficha kitu ambacho kesho kitakuwepo tele.

Ukitaka kuona ugonjwa huu ukiwa umekomaa, usiende mbali, tazama Burundi. Tangu mwanzoni mwa muongo huu Bujumbura imekaa kwenye uhaba wa mafuta usiokwisha: magari yanalala foleni kwa siku, watu wanatembea kwa miguu, wengine wanavuka kwenda Uvira upande wa Kongo kujaza madumu. Mafuta ya Burundi yanapita wapi? Hapa hapa kwetu, bandari ileile, barabara ileile. Bandari haikufungwa, wala barabara haikukatika, na hakuna vita vilivyozuia meli zao. Walichokosa ni fedha za kigeni. Malawi nayo imepita njia hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anayeniambia kuwa usalama wa mafuta ni habari za majeshi na meli za kivita namwona kama amesoma nusu ya kitabu.

Nusu ya pili ni njia. Mafuta yetu mengi yaliyosafishwa yanatoka nchi za Ghuba na India. Ukisikia India usidhani tumeiepuka Ghuba: mtambo mkubwa wa Jamnagar kule Gujarat, ambao ni mkubwa kuliko yote duniani, nao unasafisha mafuta ghafi ambayo sehemu yake kubwa inatoka mashariki ya kati. Yanatoka Ghuba, yanakwenda Gujarat, yanakuja Dar es Salaam, karibu njia ileile ya majahazi ya kaskazi. Na kati ya Iran na Oman kuna Mlango Bahari wa Hormuz, uliopitisha mapipa kama milioni 20 kwa siku mwaka 2024, yaani karibu moja ya tano ya mafuta yaliyotumika duniani. Hormuz ikitikisika, gharama za bima na za kukodi meli hupanda kabla hata pipa moja halijapotea. Ukisoma taarifa za EWURA utaona neno premia: ni kile anacholipwa muuzaji juu ya bei ya soko, ndani yake kuna usafiri na bima na faida yake. Vita vya mbali vinatufikia kwa mlango huo pia.

Njia inaweza kukatwa hata na jirani. Zambia ilijifunza hilo ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa kizungu, alijitangazia uhuru wa Rhodesia Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, Uingereza na wenzake wakaiwekea vikwazo vya mafuta, naye Smith akaikatia Zambia mafuta yaliyokuwa yakipita kwake. Ghafla nchi ya migodi ya shaba haina dizeli. Mafuta yakapelekwa kwa ndege, ndani ya mapipa! Na malori yakaanza kutoka Dar es Salaam kupita barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliifananisha na jehanamu; barabara hiyo leo ni ya lami na ndiyo inayobeba viazi vyako. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Lilibeba mafuta ghafi kwa zaidi ya nusu karne, na tangu 2023 linabeba dizeli. Linapita Iringa na Mbeya, majirani zako, likiwa na dizeli isiyo yenu. Kwa bomba hilo Zambia ililipia somo ambalo sisi wenye bahari hatujawahi kulilipia, na labda ndiyo maana tunalisahau.

Maana sisi nasi mlango wetu ni mwembamba. Tanga na Mtwara zinapokea mafuta, lakini mzigo mkubwa unaingia Dar es Salaam, kwenye gati la mafuta la Kurasini na kwenye boya la Mjimwema ambako meli kubwa hushusha kwa bomba lililo chini ya bahari. Na mafuta hayo tunagawana na Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi. Boya likiharibika, wanaoumia ni watu wa nchi sita. Uagizaji wa pamoja, ulioanza kazi 2012 na sasa unasimamiwa na PBPA, wakala wa serikali wa kazi hiyo, ulisaidia sana: zamani kila kampuni ilileta meli yake ndogo, zikapangana foleni, demareji ikatuua. Siku hizi zabuni ni moja na mshindi ni yule mwenye premia ndogo. Mamlaka ya Bandari nayo ilianza mwaka 2024 kujenga Kigamboni matenki 15 yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000, ili meli zishushe haraka na ijulikane nini kimeingia.

Ila matenki ya kupokelea si akiba. Baada ya mshtuko wa 1973, Waarabu walipozuia mafuta na bei ikapanda mara nne ndani ya miezi michache, nchi tajiri ziliunda Shirika la Kimataifa la Nishati mwaka 1974 na kukubaliana kila mwanachama anayeagiza mafuta aweke akiba ya siku 90 za uagizaji wake. Sisi tuna mafuta yaliyomo kwenye matenki ya wafanyabiashara, yanayosubiri kuuzwa. Akiba ya taifa imezungumzwa kwa miaka mingi, na kinachoikwamisha si uvivu. Kununua mafuta ya miezi mitatu na kuyaacha yakae tu ni kufungia dola ndani ya chuma, dola ambazo hospitali na kilimo vinazilia. Mimi ningeanza na dizeli peke yake, ya siku 30, kwa sababu dizeli ndiyo inayobeba chakula, kisha ningeongeza kadiri uwezo unavyoruhusu. Wapo wenzangu wanaoniona mbahili kwa hilo.

Umeuliza gesi na bomba la Uganda. Bomba kwanza. Lile la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, ni la kubeba mafuta ghafi kwenda kuuzwa nje. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi, yanapashwa moto njia nzima ili yasigande. Huwezi kuyatia kwenye pampu wala kwenye lori. Yanahitaji mtambo wa kusafisha, na wa kwetu, TIPER pale Kigamboni, uliojengwa miaka ya 1960, uliacha kusafisha tangu mwisho wa miaka ya 1990. Leo ni ghala la kuhifadhia. Wa Mombasa nao ulisimama 2013. Mitambo midogo ya zamani haiwezi kushindana na Jamnagar kwa gharama, ndivyo ilivyo. Na hata kuwa na visima vyako si kinga: Nigeria, mzalishaji mkubwa wa Afrika, iliuza mafuta ghafi nje na kuagiza petroli kwa miongo mingi, foleni za Lagos zikawa jambo la kawaida, mpaka mtambo wa Dangote ulipoanza kazi 2024. Bomba la Tanga litatuletea ada ya kupitisha, tena kwa dola. Hiyo ndiyo faida yake kwa swali lako, na si ndogo.

Gesi ni habari nyingine, na hapa niseme kitu ambacho watu hawakithamini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na kuanza kutumika 2004. Mnazi Bay ikafuata 2006. Kabla ya hapo, na hata kwenye ukame wa 2006, mvua ikikosa tulikodi mitambo ya dharura na kuchoma mafuta ili tupate umeme. Yaani tulikuwa na ukame na bili ya mafuta mwezi mmoja. Leo umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji na gesi, na bwawa la Nyerere kule Rufiji pekee lina megawati 2,115. Hormuz ikifungwa kesho, taa za Njombe hazitazimika kwa sababu hiyo. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza 2024, nayo haitasimama. Kila abiria aliyehama basi kupanda treni ile amehama, bila kujua, kutoka kwenye dola kwenda kwenye maji ya Rufiji. Magari yanayotumia gesi asilia yanaongezeka Dar es Salaam, ingawa vituo ni vichache na kufunga mtungi ni gharama.

Kilichobaki zaidi kwenye mafuta ya nje ni usafiri wa barabara, trekta na pampu. Ndiyo wewe. Viazi vyako havina treni ya umeme, na sidhani vitaipata karibuni. Lakini Makambako ina stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Treni ya dizeli hubeba tani moja kwa mafuta machache sana kuliko lori. Kwa miaka mingi reli hiyo imekuwa haitabiriki, na viazi havisubiri. Sikulaumu kukodi lori. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua. Ikianza kufika kwa saa inayojulikana, keti na wenzako wenye viazi mpige hesabu ya behewa moja kabla ya msimu.

Nigusie ruzuku, kwa kuwa bei ikipanda kila mtu huiomba. Kenya, Aprili 2022, ilikuwa inashusha bei kwa kuwalipa wauzaji tofauti. Malipo yakachelewa, kampuni zikakosa hela za kununua shehena nyingine, na foleni zikatapakaa Nairobi hadi Kisumu wakati kwenye karatasi petroli ni ya bei nafuu. Mwaka uliofuata wakaja na utaratibu wa kununua kutoka Saudi Arabia na Falme za Kiarabu kwa mkopo wa siku 180. Ulipunguza kugombania dola kwa muda, lakini siku ya 181 dola inadaiwa vilevile. Wazee wetu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipotoka vita vya Kagera na pipa limepanda tena kwa mapinduzi ya Iran, walipewa dawa tofauti: magari binafsi kutotembea Jumapili alasiri. Ilikuwa kero, na wenye vibali vya kutembea walikuwa wengi kuliko ilivyopaswa. Lakini angalau haikudanganya mtu kwamba mafuta yapo.

Sasa mapipa yenu. Pampu ya kumwagilia ikikosa dizeli wiki moja wakati viazi vinaweka mizizi mmepoteza msimu, kwa hiyo mume wako hana woga usio na msingi. Ila mapipa mawili ni lita 400 na zaidi, ndani ya stoo yenye magunia, na pengine watoto wanalala ukuta wa pili. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya mia moja wakafa. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikishika haizimwi kwa ndoo ya maji. Pia hukaa vibaya: maji ya mvuke huingia kwenye pipa, uchafu huota, na nozeli za pampu huziba siku mnapoihitaji zaidi.

Pigeni hesabu pampu inakunywa lita ngapi kwa wiki mbili. Kwa shamba la kawaida ni dumu mbili au tatu za lita 20. Wekeni hizo, madumu yafungwe vizuri, nje ya nyumba, kwenye kibanda chenye kivuli na hewa, mbali na jiko, na mtumie ya zamani kwanza kila mnaponunua mpya. Wala msinunue petroli ya kuweka, hata lita tano. Hela iliyobaki ya yale mapipa mawili mpeni mwenye lori kama malipo ya mwanzo ya safari tatu za msimu ujao, kwa bei mliyoandikiana leo, mkiongeza sharti kwamba bei itabadilika tu baada ya tangazo la Jumatano ya kwanza na kwa kiasi kilekile dizeli ya Njombe ilivyobadilika, ikipanda au ikishuka. Akikataa hilo la kushuka, tafuta lori lingine.